Vipande Viwili Vilivyofanana

Siku yangu ya kwanza maabara, mkuu wetu, daktari wa patholojia, alinipa chupa yenye kipande cha nyama ya mgonjwa ndani ya formalini, dawa ya kuzuia kuoza. "Hii ni ya nani?" Nikasoma jina lililobandikwa.

"Apana. Hilo ni jina tu. Kama ni yake kweli, bado hujui. Hapa kazi ni kushuku."

Nilimpenda siku ile ile, maana mimi nimezaliwa na shaka. Hata sukari ya dukani naionja kabla ya kulipa.

Kazi ilikuwa hivi, vijana. Nyama tuliigandisha katika nta, tukaikata kwa mikrotomu, mashine yenye wembe mkali, vipande vyembamba kuliko ganda la kitunguu. Tukavipaka rangi, mkuu akavitazama kwa darubini. Kwa sura ya seli alikadiria kama saratani itatulia au itasambaa, na mgonjwa ana tumaini gani.

Vita vilikuwa vimeingia. Mjini kila mtu alimpima mwenzake: unatoka wapi, unasalimiana na nani. Ndipo dada yangu Mwajuma, wa mtaa wetu wa Buyenzi, akakatwa titi lenye saratani. Wiki hiyo hiyo alikatwa mke wa mkubwa mmoja wa Mutanga Nord, mtaa wa matajiri. Mkuu akasema vivimbe vyao vinafanana, wote wana tumaini. Yule mama akapona. Saratani ya dada yangu ikahamia kwenye ini na mifupa, akafa akiacha watoto wadogo.

Baada ya hitma, mumewe Shabani, fundi magari, alinizuia mlangoni.

"Mulibadilisha nyama, shemeji. Ule mukubwa aliwapa kitu."

"Majibu yote mawili yalikuwa sawa. Hata tungebadilisha, ungepata lile lile."

"Basi mulibadilisha dawa. Usikanyage hapa tena. Na watoto usiwaulizie."

Iliniuma sana. Na mimi nikaanza kuwashuku wenzangu. Nikakata vipande vipya kutoka nyama ya wote wawili iliyobaki katika nta, nikampelekea mkuu. Alitazama kwa muda mrefu.

"Hii ni ya dada yako, kovu la jipu la zamani lililoandikwa kwenye faili yake hili hapa. Tofauti na ya yule mama iko, lakini jicho haifiki."

Miaka mingi baadaye daktari kijana alinieleza. Jeni ni maagizo ndani ya seli, na ziko protini zinazoyafunga na kuyafungua bila kugeuza hata herufi moja. Zikifunga jeni inayoishikilia seli mahali pake, seli hung'oka ikasafiri, na sura yake isikuonyeshe kitu. Siku hizi wenye vifaa huzipima protini hizo, wajue mgonjwa anaelekea wapi.

Nilipostaafu, safari yangu ya kwanza ilikuwa Buyenzi. Maabarani, shaka hukufanya utazame mara ya pili. Nyumbani hufanya watu wasitazamane tena, na mimi nilikuwa nimechoka nayo. Shabani, sasa mzee wa mvi, alinisikiliza nikimweleza habari ya zile protini hadi mwisho.

"Kwa hiyo kulikuwa kitu kimejificha mule ndani, na nyinyi hamukukiona."

"Ndiyo, shemeji."

"Na mi nilisema nini?"

Akanisogezea kiti, akamwita binti yake mkubwa: "Njoo uamukie mujomba wako!"

Akatoka mwanamke mwenye mtoto mgongoni, uso ule ule wa Mwajuma. Akaniangalia toka kichwani hadi miguuni, akamgeukia baba yake.

"Mujomba gani?"