Kifungo cha Koti la Baba

Juzi nilimkuta mjukuu wangu amepiga magoti, anatafuta kiatu uvunguni mwa kitanda, nikamkumbuka baba.

Tulikuwa tumeshuka kutoka Bungu, kule milimani, na baba alilinda ghala la mkonge la Mdachi mmoja huku Korogwe. Mchana mmoja nilirudi na kuni, nikaisikia mlangoni harufu ya makapi ya mkonge ambayo haikumtoka baba mwilini. Saa ile alipaswa kuwa kazini. Alikuwa amepiga magoti kando ya kitanda, ananong'ona. Mimi nilijua watu huomba kanisani tu, Jumapili, wamevaa nguo safi. Nikadhani amepoteza kitu. Nikapiga magoti karibu naye, nikapapasa sakafu ya udongo mpaka nikashika kifungo cha shaba cha koti lake la kazi.

"Nimekipata, baba."

Alikichukua, akakifumbata kiganjani.

"Mungu hajatutupa, mwanangu."

Sikujua kwamba asubuhi ile Mdachi alikuwa amemfukuza kazi na kumvua lile koti. Njaa ilipoingia nyumbani, bado nilikuwa najivuna kwamba ni mimi niliyempatia baba alichokuwa akikitafuta.