Mistari Myekundu ya Mjukuu Wangu

Watu wa jengo letu wanasema mjukuu wangu hana kazi. Wanamwona amekaa mbele ya laptopu tangu asubuhi, miguu juu ya kigoda, hapigi kelele wala hatoki jasho, wanadhani anacheza. Mama wa chumba cha tatu alinisimamisha kwenye ngazi akaniambia, "Jirani, mwambie huyo binti atafute hata kibarua." Siku ile sikumjibu kwa sababu nilikuwa nimebeba ndoo. Namjibu leo kwa maandishi. Niliishia darasa la tatu, lakini haya sikuhadithiwa na mtu. Nyumba yetu ina meza moja. Yeye anakaa upande wa dirisha, mimi upande wa jiko, na kila linalosemwa mezani nalisikia.

Nimemlea tangu ana miaka minne, binti yangu alipofariki. Sasa ana thelathini na mmoja. Ni mrefu, mwembamba, hacheki ovyo, na akishasema hapana unaweza kuinjika sufuria maji yakauke yote, hapana itabaki palepale. Watu husema kanirithi mimi, na mimi sibishi. Namwita mke mwenzangu. Yeye akiwa na adabu ananiita Bibi, akiwa hana ananiita mke mkubwa.

Anafanya kazi kwenye ofisi inayotengeneza programu ya zahanati. Muuguzi anapomwandikisha mtoto kwenye kompyuta, jina, tarehe ya kuzaliwa, chanjo, uzito, dawa, programu hiyo ndiyo inayopokea. Wanaoiandika ni watu tisa, na wanaiandika kwa lugha ya kompyuta. Kila mmoja anapoandika, pembeni yake kuna mkosoaji. Si mtu, ni programu nyingine, wao wanaiita seva ya lugha. Ukianza neno, inakumalizia. Ukiandika jambo lisilokaa sawa, inalichorea mstari mwekundu papo hapo, kabla kosa halijamfikia mgonjwa. Na inajua kwa sababu ina orodha yake, fasili za aina, ambamo kila kitu kimeandikwa ni cha namna gani: hili ni jina, hii ni namba, hii ni tarehe, hiki kinaweza kukosekana. Mjukuu wangu ndiye kiongozi wa kikundi hicho, na ndiye anayeitunza seva hiyo na orodha yake. Kazi yake ni kuwakosoa watu wanane kutwa nzima na wasimpige.

Mwaka huu ile lugha ilitoa toleo jipya, na seva yao ya zamani ikawa inakwama. Mtu anaandika mstari, seva inaganda, anaizima na kuiwasha kama redio mbovu. Bosi wao, ambaye naye ni mmoja wa hao tisa, mtu wa tai na maneno laini, akamwambia mjukuu wangu aisasishe, seva pamoja na fasili, wiki tatu iwe imekwisha, ili programu ya zahanati nayo itoke mwisho wa mwezi.

Siku ya pili nikamsikia anasonya.

"Nini tena, mke mwenzangu?"

"Hawa watu wamemziba mkosoaji mdomo."

Akanieleza. Ile lugha ina neno la watu wenye haraka, ambalo kwa maneno yetu ni "chochote". Ukiandika kwenye orodha kwamba kitu fulani ni chochote, seva inanyamaza. Uweke jina mahali pa namba, kimya. Uweke tarehe mahali pa dawa, kimya. Basi mtu mstari mwekundu ukimkera, anaandika chochote, mstari unaondoka, naye anakwenda kunywa chai. Ofisi nzima walikuwa wamezoea hivyo miaka sita. Alizihesabu, zikafika mia tatu na nane.

"Ni kama bawabu aliyeambiwa kila anayepita ni mgeni wa bosi," nikasema.

"Hivyo hivyo. Na analipwa."

Akaanza kuziondoa moja moja, na kila alipoondoa aliandika aina yenyewe ya kitu. Alipofika kwenye uzito wa mtoto akaacha kuandika, akanigeukia.

"Bibi, mtoto ambaye hakupimwa, mlikuwa mnamwandikia nini?"

Nilifanya kazi ya kupima watoto kliniki miaka ishirini na sita. Niliwaning'iniza kwenye mzani, nikasoma, nikaandika. Swali hilo halikunipa shida.

"Kistari."

"Kwa nini si sifuri?"

"Mtoto wa kilo sifuri umewahi kumwona wapi? Kistari maana yake mzani umeharibika, au mtoto kajirusha hashikiki, au mama kachoka na foleni kaondoka. Sifuri ni uongo."

Nikamkumbusha habari ya sista msimamizi, ambaye ripoti yake ilitaka namba kwenye kila kisanduku. Aliniamuru nibadilishe vistari vyote viwe sifuri. Nilikataa. Akanipeleka chumba cha kufulia mashuka, nikakaa huko miezi minane. Mashuka nilifua, na yalitakata. Vistari sikubadilisha hata kimoja.

Mke mwenzangu akaugeukia uzito akaandika: namba, au hakuna. Maneno matatu hayo ndiyo yaliyoleta vita.

Maana programu yao ilikuwa haijawahi kuuliza kama uzito upo. Muuguzi akiacha kisanduku wazi, yenyewe ilihesabu sifuri. Kisha inakwenda kwenye jedwali la dawa, inatafuta sifuri inaangukia wapi, inaikuta safu ya walio chini ya kilo tano. Kwa hiyo mtoto wa miaka minne ambaye mzani ulikuwa mbovu siku yake anaandikiwa dozi ya kichanga. Kama imewahi kumtokea mtu, hakuna aliyejua, kwa sababu hakuna aliyewahi kuangalia.

Jumatatu asubuhi akawapelekea seva mpya na fasili zake. Yeye hufanyia kazi nyumbani siku zote, lakini Jumatatu na Alhamisi hata wenzake hubaki makwao na wote hukutana kwenye skrini. Saa tatu haijatimia, meseji zikaanza kulia kama vifaranga. Kila aliyefungua kazi yake aliikuta nyekundu toka juu mpaka chini. Jumla mistari elfu moja mia nne na kumi na miwili. Mmoja akampa jina hapohapo, Kalamu Nyekundu, na wenzake wakalidaka.

Bosi akaita kikao. Nilikuwa nachambua maharage.

"Dada," akaanza kwa sauti yake ya mafuta, "kazi nzuri, tunakushukuru. Ila sasa watu hawawezi kufanya kazi."

"Wanaweza. Programu inaendeshwa kama jana. Sasa mnaona tu yaliyokuwemo jana."

"Basi tufanye hivi. Igeuze mistari yote iwe ya njano. Njano ni onyo tu, haimzuii mtu. Kila mmoja atarekebisha akipata nafasi."

"Bosi, njano tunazo elfu tatu tangu mwaka juzi. Nani amewahi kurekebisha moja?"

Mtu mmoja akakohoa.

"Chukua hii ya uzito," bosi akasema. "Peke yake imeleta mia sita. Unasema uzito unaweza kukosekana. Kwenye maisha halisi, dada, kila mtoto anapimwa."

Hapo maharage nikayaweka chini.

"Wewe umewahi kushika mzani?" nikauliza.

"Hiyo sauti ni ya nani?"

"Ya bibi yangu," mjukuu wangu akasema, wala hakunitazama.

"Mwombe bibi radhi, mwambie hiki ni kikao cha ofisi."

"Na hapa ni jikoni kwangu," nikasema. "Wewe ndiye uliyeingia bila hodi. Mtoto wa miaka miwili asiyetaka kupimwa ana nguvu kuliko wewe na hiyo tai yako. Njoo siku moja tukupe mmoja umning'inize."

Nilisikia vicheko viwili vitatu, kisha vikakatwa. Bosi hakucheka. Akasema mpaka Alhamisi saa nne anataka seva iwe ya njano, au fasili za zamani zirudi. Asipofanya hivyo, seva atapewa mtu mwingine na yeye atatafutiwa kazi ya kufanya. Akaondoka kwenye skrini.

"Nimekuharibia," nikamwambia.

"Ulichelewa, mke mkubwa. Nilishaharibu mwenyewe."

Nikamwuliza atafanya nini. Akasema hatafanya kitu. Kugeuza nyekundu kuwa njano ni neno moja kwenye faili la mipangilio, yeyote anaweza kuliandika, na yeye hataliandika. Ile seva ameitunza miaka mitano, anaijua kama mfuko wa nguo yake. Kunyang'anywa kungemuuma. Nilimwona siku ile kutwa anasugua paji la uso kwa kiganja, kama alivyokuwa akifanya akiwa mdogo anapotaka kulia na hataki kulia.

Jumanne akapiga simu yule mwandishi wao mkongwe, wanayemwita Fundi, aliyekuwepo tangu ofisi ni chumba kimoja.

"Binti, nusu ya hizo chochote ni zangu."

"Najua, mzee. Jina lako liko kwenye kila moja."

"Niliziandika mwaka ule wa haraka. Nilisema nitarudi."

"Hukurudi."

"Sikurudi. Sasa nisitiri basi."

"Siwezi, mzee. Nikikusitiri wewe, nalisitiri na kosa."

"Una roho ngumu wewe."

"Hujamsikia aliyenilea? Yuko hapa kanitolea macho."

Fundi akacheka mpaka akakohoa. Mjukuu wangu akamwambia, nipe saa moja tu, tufungue faili la chanjo pamoja, ukichoka ukate. Wakafungua. Mwanzoni yule mzee alikuwa ananung'unika kila mstari. Baadaye nikasikia amebadilika sauti, anasema, ngoja, hizi kumi na nne ni kosa moja tu limerudiwa, ukilirekebisha pale juu zote zinaondoka. Kweli, zikaondoka zote kwa mpigo. Saa moja ikapita, ikapita ya pili, wala hakukata. Kabla ya chakula cha mchana walikuwa wamemaliza mistari themanini na saba, na ndani yake wameona mahali ambapo tarehe ya kuzaliwa ilikuwa inasomwa kama tarehe ya chanjo.

"Nani aliandika huu upuuzi?" Fundi akauliza.

"Nikusomee jina?"

"Acha."

Alhamisi saa nne wakakutana tena. Safari hii nilikuwa nimekula kiapo cha kunyamaza, na maharage yalikuwa yameisha, nikashika sindano na soksi.

Bosi hakuzunguka. "Dada, umegeuza?"

"Sijageuza."

"Sawa. Narudisha fasili za zamani mwenyewe." Tukasikia anabonyeza. Kisha akasema, "Nahitaji jina la pili."

Ofisini kwao mtu hawezi kugusa mipangilio ya seva wala kurudisha toleo la zamani peke yake. Anayeomba anatia jina lake, na mwingine wa kikundi anasoma na kutia lake kwamba amekubali. Kanuni hiyo bosi mwenyewe aliiweka, baada ya mtu mmoja kufuta kazi ya wiki nzima kwa bahati mbaya.

"Fundi?"

"Mimi siweki."

"Wewe ndiye uliyelalamika Jumatatu kuliko wote."

"Nililalamika. Jumanne nikasoma."

Bosi akamgeukia mama mmoja anayejaribu programu kabla haijatoka. "Wewe je? Kubonyeza tu."

"Bosi, mimi wiki iliyopita mwanangu alikuwa zahanati na hii programu yetu ndiyo iliyomwandikia dawa. Usiniulize mimi."

Akawaita wengine kwa zamu. Mmoja akasema maiki yake ina shida. Mmoja akasema angependa kusoma kwanza, na alipoulizwa atasoma lini akasema ni mistari mingi. Yule aliyetunga jina la Kalamu Nyekundu akasema yeye ana njaa ya chai, atarudi, na hakurudi. Hawakuwa mashujaa, nisiwapambe. Lakini hakuna aliyetia jina.

"Kwa hiyo mnataka tuchelewe," bosi akasema. Mafuta yalikuwa yamekauka kwenye sauti.

"Ndiyo," akasema mjukuu wangu. "Wiki mbili. Nimeshagawa mafaili, kila mtu na lake. Nitakaa na kila mmoja kama nilivyokaa na mzee."

"Na mimi nikawaambie nini zahanati?"

"Uwaambie tulikuta dozi inasomwa vibaya, tunarekebisha."

Hakupenda. Nilimsikia akigonga kalamu mezani. Kisha akasema vizuri, wiki mbili, siku moja ya ziada hataki kuisikia. Na kuanzia leo mjukuu wangu si kiongozi wa kikundi tena, nafasi ataishika mwingine, kwa sababu kiongozi hawavizii wenzake kwa mistari elfu moja Jumatatu asubuhi.

Hapo pa kuvizia alikuwa na haki, na mke mwenzangu alikiri. "Ningewaambia kabla. Hilo ni kosa langu." Kisha akauliza, "Seva je?"

"Seva nini?"

"Nani anaitunza?"

Bosi akapumua kwa nguvu. "Nani mwingine ataiweza? Baki nayo."

"Na chochote haitarudi."

"Dada, nimesema baki nayo."

Skrini ikafungwa. Kiapo changu kikaishia hapo, nikaanza kumtukana yule bwana, tai yake na walioifunga. Cheo kile alikihangaikia miaka miwili, nami nilimpigia vigelegele alipokipata. Nikamwambia ampigie simu sasa hivi, amwambie kwamba bibi yake alifua mashuka miezi minane kwa ajili ya kistari na hajafa.

"Hajui kistari ni nini, Bibi."

"Ndiyo umweleze."

"Nitamweleza. Mia sita ziko kwenye faili lake."

Alikuwa amempangia bosi faili la uzito. Nikamtazama nione kama anatania. Hakuwa anatania. Alikuwa anaandika meseji, kidole kimoja kimoja, akimwuliza bosi kesho saa ngapi atakuwa na nafasi waanze.