Dawa ya Mafua na Ulimi wa Opareta

Mkwewe, mke wa mwanawe, alipoweka bakuli la supu mezani na kidonge pembeni yake, Opareta alivuta shuka mpaka kidevuni akageukia ukutani.

"Nitakunywa baadaye."

"Mama, ulisema hivyo asubuhi."

"Na sasa nasema tena. Niache nilale, mwanangu."

Hakulala. Alisikiliza nyayo za mkwewe zikirudi chumba cha pili, kiti kikavutwa, kisha cherehani ikaanza kukimbia. Masikio ndiyo yaliyokuwa mali yake. Kabla ya kustaafu alikaa miaka mingi mbele ya ubao wa kuunganishia simu, enzi ambazo hakuna aliyeweza kumpigia mtu wa mji mwingine bila kupita mkononi mwake. Mtu akiomba namba, yeye alichomeka waya, akasikiliza kidogo kuhakikisha pande mbili zinasikilizana, kisha akaondoa sikio lake. Watu walipomtania kwamba anazijua siri za nyumba zote, hakukubali wala hakukana, alitabasamu kama mwanamke aliyeulizwa umri wake. Marehemu mumewe alikuwa akisema, "Mimi nimeoa kaburi. Kinachoingia humo hakitoki."

Mafua haya yalianza kwa chafya mbili tatu kama mchezo, mara homa ikapanda na mwili ukauma hadi kwenye nywele. Kwa kuwa alikuwa na pumu na umri ulikuwa umekwenda, daktari hakutaka kubahatisha. Alimwandikia vidonge vya kupambana na virusi vya mafua, akamwonya kwamba nguvu ya dawa hiyo hasa iko katika siku mbili za mwanzo za ugonjwa.

"Mapafu yako siyaamini, mama," alisema. "Nimonia ikiingia humo, kuitoa ni kazi."

Kasoro ni kwamba Opareta alikuwa msomaji. Wenzake huitupa ile karatasi iliyokunjwa ndani ya boksi, lakini yeye alivaa miwani akaisoma kama hati ya kiwanja. Kichefuchefu, sawa. Kutapika, atavumilia. Kuumwa kichwa, kilikuwa kinauma tayari. Halafu huko chini, kwa herufi ndogo kama sisimizi: baadhi ya wagonjwa, hasa watoto na vijana, wameripotiwa kuchanganyikiwa, kuona visivyokuwepo na kuweweseka.

Aliikunja karatasi akaiweka chini ya mto. Mkwewe alipotoka kuanua nguo, alimpigia simu mfamasia, mkono ukiwa umefunika mdomo.

"Mwanangu, hii dawa inamfanya mtu aseme ovyo?"

"Ni nadra sana, mama. Tena haijulikani vizuri kama ni dawa au ni homa yenyewe, maana mafua makali nayo humwewesesha mtu. Wengi wanachosumbuliwa nacho ni tumbo. Kula kwanza ndipo umeze."

"Lakini inaweza."

"Inaweza. Na nimonia inaweza zaidi, kwa mtu mwenye pumu."

"Na huyo anayesema ovyo, husema ya uongo au ya kweli?"

"Hilo, mama, kwenye boksi hawajaandika."

Sababu ya swali hilo ilikuwa uani, inaanua nguo.

Zamani, laini moja ilikuwa ikikatika kila mara, na Opareta akalazimika kuishikilia kwa mkono huku sikio lake likiwa wazi. Ndipo alipomsikia mwanamke akimwambia mwanamume wa mbali, "Mtoto ni wako. Lakini mume wangu anampenda kama roho yake, na sitamwambia kamwe." Mazungumzo yalipokwisha alichomoa waya, akameza alichokisikia, akaendelea na wateja wengine.

Miaka ikapita. Mwanawe akaleta habari za mchumba, wazee wakaenda kujitambulisha. Mama wa binti akafungua mlango na kusema, "Karibuni, karibuni ndani," na Opareta akaitambua sauti ya laini ile iliyokuwa ikikatika. Uso huzeeka, sauti haizeeki hivyo. Nyuma ya mwanamke yule alisimama mumewe, amevaa suti iliyombana, anapokea wageni huku machozi ya furaha yakimlenga. Opareta aliketi, akasifu mapazia, na hakumwambia mtu, si mume wala mwana. Binti hakuwa na kosa, na nyumba ya watu haivunjwi kwa waya wa simu.

Sasa mama yule alikuwa ametangulia mbele ya haki. Mzee alibaki peke yake na binti huyo mmoja, na kila wiki alimletea mashati ya kushonwa yasiyokuwa na tatizo lolote, apate kisingizio cha kukaa naye. Neno moja lingemponyoka Opareta, mzee angebaki na mashati tu.

Kifua kilianza kupiga filimbi. Aliogopa kumeza, akaogopa kutomeza. Mwisho alipata wazo aliloliona la busara. Alimwita wifi yake, dada wa marehemu mumewe, aje amuuguze. Wifi huyo alikuwa mzito wa kusikia kama gogo.

Wifi akaja na mkoba wake, akaketi kitandani karibu kumkalia miguu. Opareta akajaribu mitambo.

"Chumba kina joto," alisema polepole.

"Umesema nini, wifi? Paza sauti."

"Nasema kuna joto."

"Mara ya pili hiyo naona midomo inacheza. Sema wifi, mimi si mgeni hapa!"

"Kuna joto!"

Cherehani ilinyamaza. Mkwe akachungulia mlangoni. "Mama, kuna shida?"

Opareta alifumba macho. Kumbe kwa kiziwi siri haisemwi mara moja, inasemwa mara tatu, tena kwa kelele.

Wifi alipokwenda jikoni kutafuta chai, mkwe hakuondoka. Alikuwa na pini mdomoni, akaitoa.

"Mama, nimekukosea nini?"

"Hujanikosea."

"Nikija unageukia ukuta. Sasa umemwita shangazi. Watu watasema nimeshindwa kumuuguza mama mkwe, na dawa imelala pale kama pambo."

Hapo Opareta aliona alichokifanya. Alikuwa anamlinda binti huyu kwa kumchoma.

"Naogopa dawa," alisema. "Wanasema inaweza kumfanya mtu aropoke."

"Hilo tu?" Mkwe alicheka, akaketi. "Basi jana mchana homa ilipopanda, hata kidonge hujaonja, uliongea mpaka koo likakauka."

Opareta alijiinua kwenye mto. "Nilisema nini?"

"Ulikuwa kazini. 'Subiri kwenye laini. Namba unayoomba inatumika, jaribu tena baadaye.' Nikakuuliza, Mama, nani yuko kwenye laini? Ukanikaripia: 'Bibi, hilo si swali la kumuuliza opareta.'"

"Na kingine?"

"Kingine ulikohoa."

Opareta alimtazama machoni, akatafuta, hakuona kilichofichwa. Jana si leo, alijua. Homa na dawa si kitu kimoja. Lakini filimbi ya kifua ilikuwa inapanda, na mtu aliyelala na mapafu yaliyojaa hamlindi yeyote. Alikunywa supu yote kama alivyoagizwa, akameza kidonge, akamshika mkwewe mkono asiondoke.

Akasubiri ulimi umsaliti. Kilichomsaliti ni tumbo. Jioni alitapika, mkwe akashika beseni, wifi naye akiuliza kutoka jikoni kama kuna aliyemwita. Hata hivyo homa ilianza kulegea, na pumzi ikapata njia.

Mkwe akalowesha kitambaa, akamfuta uso.

"Mama, na simu za kwetu je? Zilikuwa zinapita kwako?"

Beseni, kitambaa, taa, vyote vikawa wazi mno. Opareta alihisi ulimi wake mzima, kuanzia shina hadi ncha.

"Za kwenu? Laini yenu ilikuwa mbovu, mwanangu. Ilikuwa makelele matupu."

Mkwe alikamua kitambaa, akakaa nacho mkononi muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitajika.

"Baba anakuja kesho," alisema. "Eti shati lake limelegea kifungo."

"Mwambie akae mbali nami, asije akaambukizwa."

Cherehani ikaanza tena. Opareta alifumba mdomo kwanza, akahakikisha umefumbika, ndipo akafumba macho.