Karatasi Mbili za Fundi Bakili

Jambo la kwanza analoliona mtu kwa Bakili ni kwamba hawezi kupita kwenye ukuta bila kuugusa. Hunyoosha mkono wa kulia, hulaza kiganja, husubiri kidogo kama mtu anayempima mtoto homa, kisha huendelea na njia yake. Pale Mtaa wa Narung'ombe, Kariakoo, wenye maduka wamemzoea.

"Fundi, ukuta wangu umeamkaje?" humtania.

"Hamna shida, mama. Mzima kabisa."

Tabia ya kugusa aliipata bondeni Jangwani, alikoishi na mkewe Sabaha walipofika mjini kutoka Newala. Kila mvua kubwa ilipopita, maji yaliondoka sakafuni lakini yakabaki ndani ya kuta, naye akajifunza kuyatafuta kwa kiganja. Neno "hamna shida" hakuna ajuaye alilitoa wapi. Lakini ndilo lililomponza.

Kila mwaka kabla ya Diwali, sikukuu ya Wahindu ya taa, familia nyingi za Kihindi za Upanga husafisha nyumba na kupaka rangi upya, na kwa fundi kama Bakili wiki hizo ndizo zinazobeba mwaka mzima. Mwaka jana alipata kazi kwa mama mmoja aitwaye Jasvanti, anayeishi ghorofa ya pili pamoja na mwanawe Nirav. Ukuta wa sebuleni, wenye rafu ya ibada, ulikuwa na unyevu. Bomba la bafu la ghorofa ya juu lilikuwa likivuja. Bakili aliugusa, akajua. Mama Jasvanti akamuuliza, "Utakuwa tayari kabla ya sikukuu?" Mdomo ukajibu kabla ya kiganja: "Hamna shida, mama."

Siku yenyewe ya Diwali, wageni wakiwa na sahani za peremende mikononi, rangi ilivimba malengelenge, ikabanduka, ikadondokea taa za ibada. Habari zikashuka jengo zima haraka kuliko maji. Na jengo lile ndilo lililokuwa likimlisha. Tangu hapo simu yake ikawa ya kuangalizia saa tu.

Mwaka huu wiki zile zile zimefika, na Bakili anashinda ukingoni mwa barabara na wenzake, ngazi yake ndefu imeegemea nguzo, rola na brashi zimepangwa mbele kama bidhaa. Vibarua vidogo vya masika vimekwisha. Nyumbani wanapika uji mchana na usiku.

"Ngazi hailiwi, Baba Zamzam," Sabaha alimwambia asubuhi moja, akimwita kwa jina la binti yao. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomuumiza Bakili zaidi. "Tuiuze, tununue karai. Sokoni Feri kuna mama amenipa nafasi pembeni yake. Nitakaanga samaki, wewe utaparua magamba."

Mnunuzi alishapatikana: Abdulhamid, fundi wa mabango, ambaye angeichukua Ijumaa baada ya swala. Bakili alikubali. Usiku hakulala. Alijua kwamba fundi wa rangi asiye na ngazi ni mtu mwenye brashi tu, na kwamba akishaizoea Feri hatarudi tena kwenye kuta.

Ndipo Mama Jasvanti alipompigia.

"Fundi, sitaki maneno ya mdomo safari hii. Niletee pendekezo la kazi, la maandishi. Utafanya nini, hutafanya nini, lini. Nimemwambia na mwenzako Zahoro. Alhamisi nataka kusoma."

Bakili alikwenda Upanga siku hiyo hiyo kuangalia. Juu ya ukuta wa ibada kulikuwa kumetundikwa kitambaa cha hariri. Mama Jasvanti alikiinua ili aone. Bakili akalaza kiganja. Ukuta ulikuwa wa baridi, na unga mweupe ukabaki mkononi.

"Kabla ya Diwali?" mama aliuliza.

"Hamna..." Akalimeza. "Nitakuandikia, mama."

Kwenye steshenari ya Narung'ombe alimkuta Victoria, binti aliyemaliza chuo mwaka jana na sasa anamshikia shangazi yake duka huku akituma maombi ya kazi kila wiki.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mwanangu. Nichapie. Andika: nitapaka nyumba nzima, vizuri."

Victoria aliacha vidole juu ya kibodi. "Vizuri ndiyo vipi?"

"Vizuri tu. Vizuri inaeleweka."

"Kwako. Mama wa watu je? Vyumba vingapi? Rangi ananunua nani? Makochi anahamisha nani?"

Bakili alicheka, kisha akaacha kucheka. Miaka yote ile hakuna aliyewahi kumuuliza hayo, na ugomvi wake mwingi na wateja ulikuwa umezaliwa humo humo. Akavuta kiti. Wakaandika chumba kwa chumba: kuta zitakwanguliwa, zitasuguliwa kwa msasa, zitapakwa mara mbili, rangi atanunua mwenye nyumba kwa orodha ya fundi, vyombo atahamisha fundi, naye ndiye atakayefunika sakafu. Kadiri maneno yalivyopangika kwenye skrini, Bakili aliona kazi yake kana kwamba ni ya mtu mwingine, fundi wa maana.

"Bado ule ukuta wenye maji," Victoria alisema.

Kabla Bakili hajajibu, Zahoro, ambaye hukaa naye ukingoni na ambaye hajawahi kushindwa kupata neno, alichungulia mlangoni akipunga bahasha.

"Bakili bwana, bado unatunga riwaya? Mimi nimeshaandika. Nyumba nzima, siku tano, ukuta wa ibada namba moja!"

"Umeugusa?"

"Nikauguse, mimi daktari?" Zahoro akaondoka akicheka.

Bakili alipiga hesabu. Akiandika ukweli, nani angempa kazi mtu anayekataa ukuta wenyewe unaotakiwa? Akiandika uongo, angalau angeingia ndani ya nyumba, angalau ngazi ingebaki. Baadaye ni baadaye.

"Chapa mbili," alisema. "Moja iseme ukuta utakuwa tayari. Nyingine iseme ukweli."

Victoria alimtazama, kisha akageukia kibodi. Akachapa zote mbili.

Alhamisi alipanda ngazi za lile jengo la Upanga akiwa na uongo mfuko wa kulia na ukweli mfuko wa kushoto. Kila hatua aliomba apewe ishara, na hakupewa. Mlango ulipofunguliwa, mkono wake ulishaingia mfuko wa kulia.

Ndipo alipokiona kile kitambaa. Kilikuwa kimefuliwa, kimepigwa pasi, kimetundikwa upya na kunyooshwa vizuri. Na chini yake, kwenye pindo, alama ya maji ilikuwa imeanza kupanda tena. Bakili akaelewa kwamba mama huyu amekuwa akifua kitambaa hicho mwaka mzima ili kuficha kazi yake yeye.

Akatoa karatasi ya kushoto.

Mama Jasvanti aliisoma akiwa amesimama. Kidole chake kilikwenda polepole, kikafika mahali, kikasimama.

"'Ukuta wa ibada sitaupaka kabla ya Diwali,'" alisoma kwa sauti. "Fundi, unanitania?"

"Hapana, mama. Soma na inayofuata."

"'Bomba la juu litengenezwe kwanza, ukuta ukauke. Rafu ya ibada ihamie ukuta wa dirishani, ambao ni mkavu. Huo nitaupaka wa kwanza kabisa. Ule wa maji nitarudi kuupaka ukishakauka.'" Akainua macho. "Zahoro ameniandikia siku tano, kila kitu."

"Nimesikia, mama."

"Na wewe mwaka jana uliniambia kila kitu."

Mama akaukunja waraka mara mbili. "Nirav yupo safarini, anarudi kesho. Tutasoma zote mbili, yako na ya Zahoro. Kazi itakuwa ya mmoja wenu. Nitapiga kesho mchana, baada ya swala zenu."

Ijumaa msikiti ulipotoa watu, Bakili alikuwa ukingoni, simu kiganjani, ngazi nyuma yake. Zahoro naye alikuwa na simu yake, akipiga mluzi.

"Ikilia yangu usilie wewe," alimtania.

Abdulhamid akatokea upande wa pili wa barabara, na vijana wawili wa kubeba. Sabaha alikuwa ameshapeleka mkaa Feri.

"Nimekuja na wapagazi kabisa," Abdulhamid alisema, akaishika ngazi.

"Kaa kwanza, ndugu yangu. Kahawa!" Bakili alimpungia muuza kahawa kwa nguvu, kama mtu anayezama. "Mpe kikombe. Mpe na kashata. Wape na vijana."

"Mimi nina haraka, Bakili."

"Kikombe kimoja tu. Kahawa haimcheleweshi mtu."

Abdulhamid aliiachia ngazi, akakaa, akapokea kikombe, akapuliza ili amalize haraka. Mvuke ulikuwa bado unapanda. Simu ilikuwa kimya, ya Zahoro nayo kimya, na Bakili, macho kwenye kikombe cha mwenzake, akamwomba Mungu kahawa ile isipoe.