Vumbi la Chaki

Niliamini kabisa, kama ninavyoamini kwamba Rwenzori ni mlima, kuwa vumbi la chaki hulegeza vidole vya mwendesha bodaboda mpaka breki zinamshinda. Steji yetu yote pale Bwera iliamini, na mwenye chaki angefukuzwa. Kwa hiyo shule ya jioni nilienda kwa siri, nikirudi nanawa mikono mpaka sabuni inaniogopa.

Mchana mmoja mwalimu wangu alifika stejini na mfuko wa mihogo. "Mwanafunzi wangu, pikipiki yangu imekufa. Nipeleke Kyondo."

Wenzangu wote wakanigeukia. "Eh! Kumbe mutu wa chaki ni wewe?"

"Mama, umenifananisha," nikamwambia mwalimu. "Mimi hata jina langu siwezi kulisoma."

Walicheka mpaka pikipiki zikatikisika. Nami nikacheka. Mwalimu akajitwisha mfuko, akaupanda mlima kwa miguu.

Jioni nilimwomba radhi bila kuinua uso, nikamweleza habari ya chaki na breki.

"Nimeshika chaki miaka ishirini, na pikipiki naendesha," akasema. "Chaki hailegezi mikono, mwanangu. Uliwaogopa wenzako tu."