Maziwa ya Ghalani

Profesa Verediana Bura alikuwa mtu wa hasira, na hakujisumbua kuificha. Wanafunzi wake wa udaktari walimwogopa kuliko mtihani. Ukisema "nadhani" mbele ya kitanda cha mgonjwa mahututi, ulitolewa wodini papo hapo. Walimsengenya kwamba ana roho ngumu. Hawakujua lolote. Hasira ile ilizaliwa mbali, kwenye mashamba ya ngano ya serikali kule Hanang, na mtu wa kwanza aliyeistahili alikuwa yeye mwenyewe.

Baba yake, mzee Bura, alihama Dongobesh shamba lilipoanza kuajiri, akapewa kazi ya ghalani: kufagia, kujaza magunia, kuyashona. Wakati wa mavuno vumbi lilikuwa zito hata watu wakatambuana kwa sauti. Dawa yake ilijulikana na wote. Kila jioni kila mtu alipewa kikombe cha bati cha maziwa, ati yasafishe kifua. Nani aliuanzisha utaratibu huo? Hakuna aliyejua, wala hakuna aliyeuliza. Maziwa yenyewe yalinunuliwa kwa Gidamis, mfugaji ambaye ng'ombe wake walifukuzwa kwenye uwanda uleule matrekta yalipoingia. Walimnyang'anya malisho, wakamnunulia maziwa, kisha wakataka awashukuru!

Mwaka 1976 Verediana alikuja likizo, akiwa mwaka wa pili wa udaktari Dar es Salaam. Siku hizo wafanyakazi wa ghala walikuwa wakidai feni na vitambaa vya kuziba pua. Meneja Nicodemo akawaita mkutanoni, akamsimamisha binti mbele yao.

"Daktari wetu mwenyewe huyu hapa. Atuambie, maziwa yanatosha au hayatoshi?"

Hakuwa amelisoma jambo hilo popote. Lakini baba yake alikaa mstari wa mbele, shati limepigwa pasi, na binti akaona aibu kusema "sijui".

"Yanatosha," akasema. "Maziwa yanasafisha mapafu. Msiruke hata siku moja."

Watu wakapiga makofi. Madai ya feni yakafa palepale. Wahenga walisema mdomo uliponza kichwa. Mdomo wake uliponza vifua vya watu arobaini.

Akahitimu, akabobea katika magonjwa ya mapafu, akawa mwalimu. Alifungua vitabu vyote, hakukuta maziwa. Maziwa huenda tumboni, vumbi huenda mapafuni; hata mtoto wa shule ya msingi anaelewa. Je, aliandika barua nyumbani kukiri? Hakuandika. Aliona haya, akajiambia atakwenda mwenyewe, na miaka kumi na moja ikatimia tangu mkutano ule. Kwa hilo hakujisamehe kamwe.

Mwaka 1987 alikwenda, na mashine ya kupima pumzi na maboksi mawili ya vitambaa vya kuziba pua. Akawapima wote wa ghalani. Baba yake alipopuliza, kalamu ya mashine ilipanda kidogo, ikalala. Zahanati ilikuwa imempa dawa za kifua kikuu mara mbili, na makohozi yake hayakuwahi kuonyesha mdudu hata mmoja.

Akaingia kwa hasira ofisini kwa Nicodemo.

"Unawaua watu hawa! Weka feni kabla ya mavuno."

Nicodemo hakubishana. Alimwonyesha kwa kidole ubao uliopigiliwa mlangoni mwa ghala, rangi imepauka: DAKTARI AMESEMA: KUNYWA MAZIWA, USIRUKE SIKU.

"Mimi si daktari," akasema. "Mimi nafuata ya kwako."

Verediana akaung'oa ubao kwa mikono yake, msumari ukamchana kiganja. Kisha akasimama mbele ya wafanyakazi.

"Nilikosea. Nilisema jambo nisilolijua. Maziwa hayazuii vumbi. Vaeni vitambaa hivi, na mdai feni."

Mzee Bura akainuka, akapumzika, akapiga hatua mbili, akapumzika tena.

"Binti yangu hajakosea," akasema akihema. "Ametoka safari ndefu, amechoka. Msimcheke."

Akachukua kikombe chake, akanywa mpaka tone la mwisho. Wenzake wakacheka kwa ahueni, wakanywa nao. Wiki ile vitambaa vingi vikatumika kuchujia maziwa.

Feni haikuwekwa. Mavuno yalipokwisha, mzee Bura akaletwa Dar es Salaam, katika wodi ileile aliyoisimamia binti yake. Alimwekea oksijeni kwa mkono wake mwenyewe. Alijua kila namba kwenye mashine ile, na hakuna namba hata moja iliyokuwa na tumaini. Baba akamwashiria ainame, akaisogeza barakoa ya oksijeni kando ya mdomo.

"Baba, usiongee. Pumzika."

"Mama, sikiliza. Wengine waliacha maziwa ulipoondoka. Tadeo aliacha. Hhando aliacha, akajifunga kitambaa." Akavuta pumzi, ikagoma, akaivuta tena. "Mimi sikukuaibisha. Sikuruka hata siku moja."