Halbadiri ya Halua

Halua ile ilikuwa ya wageni. Shangazi aliileta kutoka Unguja, kikapu kizima, na Mama akaipangia siku yake: Jumapili, wakwe wa dada yangu watakapokuja kwetu Hayes, huku ughaibuni. Jumatano alipokifungua kikapu akakuta imebaki robo.

Hakupiga kelele. Aliifunga kanga yake vizuri akatangaza, “Ijumaa nasoma halbadiri. Atakayefura tumbo asinililie miye.”

Kwetu halbadiri ni kisomo cha kumshitaki mwizi kwa Mwenyezi Mungu, na mwizi akiendelea kunyamaza, humpata la kumpata. Mke wangu alikuwa safarini, na Shangazi alikwisharudi kwake, kwa hiyo washitakiwa tulikuwa wawili: mimi na binti yangu wa miaka kumi na miwili. Na mimi nilikuwa nimekula vipande viwili, nilipotoka zamu ghalani, nimesimama wima jikoni kama paka. Mtu wa miaka arobaini na sita! Wiki ileile nilikuwa nimemsomea binti yangu hotuba ndefu kwa kuchukua chaja yangu bila ruhusa. Sasa nitamtazamaje usoni? Aibu ilinizidi, na hofu nayo ilikuwepo, sitaki kujikweza.

Kumbe mtoto alikuwa na kazi ya shule kuhusu wafalme wa kale. Alituonyesha picha ya jiwe la Babeli: mfalme amesimama mbele ya mungu wake, na chini yao sheria zimechongwa mstari kwa mstari. Aliuliza, kwa Kiingereza chake cha kila siku, kama kulikuwa na mtu mwingine aliyemwona huyo mungu akimpa mfalme sheria.

“Shahidi wa nini?” Mama akamjibu. “Watu wenyewe walikuwa wanajua walichokifanya.”

Akaendelea kumsimulia habari za Mwinyi Mkuu, mtawala wa kale wa Unguja, ambaye ngoma na siwa zake, zile pembe za enzi, ziliogopwa kuliko askari. Mimi nikawa nakoroga chai ambayo sijaitia kitu.

Alhamisi, baada ya Magharibi, nikashindwa. Niliwaita wote wawili sebuleni, nikakiri vipande viwili, nikamwomba Mama radhi, na binti yangu nikamwomba anisamehe kwa ile hotuba. Nilijisikia mwepesi, hata njaa ikaniuma.

Binti yangu akauliza kwa Kiswahili fasaha ambacho sisi hatujawahi kusikia kinywani mwake:

“Vipande viwili tu ndivyo vimemaliza kikapu?”

Yeye mwenyewe halua haili, anasema inamnata menoni, na sote tunalijua hilo. Basi tukageuka, taratibu na kwa adabu, tukamtazama Mama, ambaye daktari amempigia marufuku sukari tangu mwaka jana.

Mama alikohoa. Akaitengeneza kanga yake upya.

“Kisomo tukiache,” akasema. “Ijumaa n'na shughuli.”